Mbao za muthoni, oil chafu, na kitanda za mboga za Mama Wangeci

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi ni mzee wa hapa Skuta, Nyeri. Nataka kuwaambia kitu ilitendeka kwa boma yangu, na nitaisema vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi. Chumvi yenyewe daktari alinikataza.

Nimekuwa nikisoma hapa watu wakiulizana raised bed ijengwe na nini.

Kwa wale hawajui, ni kama sanduku kubwa haina chini. Unaiweka juu ya ardhi, unajaza mchanga, ule udongo wa shamba, na mbolea, unapanda mboga, na mtu analima akiwa amesimama kama mtu ya heshima. Sisi tunaita kitanda ya mboga.

Sasa mmoja hapa anasema tumia tairi. Mwingine anasema pallet. Na kuna huyo mwingine, sijui alizaliwa wapi, anasema ati "chochote uko nacho kinafaa."

Chochote!

Kaeni chini niwaambie chochote ilifanya nini kwangu.

Shule niliacha mapema nikaenda kuchunga ng'ombe za watu, kwa hivyo mkiona maneno imepinda msinisahihishe. Someni tu.

Bibi yangu ni Mama Wangeci. Huyo mwanamke amelima tangu akiwa msichana. Tulikutana soko ya Karatina, mimi nikishusha viazi kwa lori, yeye akinitukana nisikanyage karoti zake. Hiyo ni hadithi ingine, na ni tamu kuliko hii, lakini si ya leo.

Mvua ingine hivi akateleza kwa ile shamba yetu ya chini, iko kwa mteremko, akiwa amebeba napier, zile nyasi za ng'ombe. Akaangukia nyonga.

Alipona, lakini si sana. Daktari akamwambia asiiname tena.

Asiiname! Hiyo ni kuambia ng'ombe asitafune.

Basi msichana wetu, Wangeci, akakuja kutoka Nairobi. Anakaa kwa fleti iko juu mpaka ukiangalia chini watu wanakaa kama kunguni. Ni mtoto mzuri, nisimseme vibaya, lakini akiamua kitu ameamua. Hiyo alitoa kwa mama yake.

Akaniambia, "Baba, nikirudi nipate mum ameinama kwa hiyo shamba, nambeba."

Na hakuongea tu. Aliacha begi kubwa ya magurudumu kwa kona ya chumba yetu ya kulala, tupu, imesimama hapo ikituangalia kama askari kanjo.

Mimi niliambiwa naweza kuja pia.

Pia! Kama mwavuli.

Mama Wangeci hakubishana. Alisema tu, "Huko nitaamka niangalie nini? Ukuta?"

Halafu akaenda kupika chai. Lakini ile usiku sikusikia akikoroma, na huyo mama hukoroma.

Kwa hivyo mnaelewa. Kwangu hii maneno ya kitanda za mboga haikuwa urembo. Haikuwa ya kupiga picha uweke kwa simu. Ilikuwa bibi yangu akae kwake ama apelekwe akafugwe juu kwa gorofa kama kuku wa mayai.

Nikaanza kutafuta vitu za kujenga.

Tairi nilikataa siku ya kwanza. Mtu anakuza dhania ndani ya tairi akae kama mtu wa puncture? Na tairi ni ya chini, bado utainama.

Pallet, wacha tu. Hizo mbao nyembamba zikikutana na mvua ya hapa na hii baridi ya mlima, zinaanza kuota uyoga. Kama ulitaka uyoga, sawa.

Nikaona pia video ya kijana amepaka kitanda yake rangi ya waridi, amepanda spinachi moja, anatabasamu. Spinachi moja! Huyo anataka mboga ama anataka bibi?

Halafu jirani mmoja aliyekuwa anabomoa nyumba ya zamani akaniitia ile mabati ya asbestos. "Mzee, chukua bure, haiozi." Nikamwambia najua haiozi, ni mimi nitaoza. Watu wameambiwa miaka na miaka ati ile vumbi yake inaharibu mapafu, na bado mtu anataka kunipatia nizungushie sukuma nayo. Kuna watu wakiona neno bure, akili inaingia likizo.

Mimi nilikuwa nimeamua mawe. Haya mawe yetu ya kuchonga, ya kutoka kwa machimbo hapa nje ya town. Jiwe haiozi, mchwa haiwezi, na ukiiweka vizuri unaweza kukalia. Nikamwonyesha Mama Wangeci na mkono: urefu ufike hapa kwa kiuno, na huku juu kuwe pana, ukichoka unakaa hapo hapo ukiendelea kupalilia.

Akacheka. Alikuwa hajacheka kwa muda.

Nikaongea na watu wa machimbo. Ilibaki lori tu.

Sasa ndipo akaingia Ndirangu.

Ndirangu ni ndugu mkubwa wa bibi yangu. Anakaa upande wa Karatina. Ni muthoni wangu, na wale si wa huku niwaelezee: muthoni ni mtu wa ile familia ulioa kwao. Mtu kama huyo hapa kwetu hukatazi. Akikuja kwako anakalia kiti nzuri. Akipewa chakula anakula, hakatai. Akileta zawadi unapokea na mikono mbili na unashukuru, hata kama amekuletea nyoka.

Na yeye pia kwako ni hivyo hivyo. Heshima inaenda na kurudi. Mimi nikienda kwake nakula mpaka nifungue mshipi.

Sasa Ndirangu kazi yake maisha yote imekuwa fensi. Ameweka fensi kutoka Karatina mpaka huko Kianyaga kwa watu wa majani chai. Kitu yote kwa macho yake ni fensi. Ukimwonyesha kanisa anaangalia posti za gate.

Asubuhi moja nasikia pickup ikipiga honi kwa gate. Ni yeye, na nyuma amejaza mbao na posti mpaka zinaburuta chini.

"Muthoni!" akaita. "Nimesikia dada yangu anataka kitanda. Ndugu yake nikiwa hai anunue mawe kama anajenga kaburi?"

Nikaangalia Mama Wangeci. Mama Wangeci akaangalia chini.

Tungesema nini? Ni ndugu yake, ameleta na moyo safi. Nikasema, "Karibu muthoni, Mungu akubariki," na mawe yangu ikabaki kwa machimbo.

Nitakuwa mkweli. Kujenga, huyo mtu anajua. Posti zilisimama wima, mbao zikashikana, urefu ulikuwa sawa sawa kwa kiuno ya dada yake, alimpima mwenyewe. Kama angeishia hapo, mimi leo ningekuwa namsifu na nyinyi mngekuwa mnasoma uzi ingine.

Lakini akarudi kwa pickup na akatoa mtungi.

Wale wa huku mnajua tayari.

Oil chafu. Ile ya kumwagwa kwa gari ikibadilishwa. Nyeusi tititi, inanuka garage. Huku kila mtu anapaka posti ya fensi hiyo oil ndiyo mchwa usile. Babu zetu hawakupaka, lakini baba zetu walipaka, na sisi tumefuata kama kondoo. Kwa fensi sijakataa. Nani hula fensi?

Nikajaribu, polepole, kwa heshima. "Muthoni, hiyo si ni ya fensi?"

"Mbao haijui kama ni fensi ama ni shamba," akaniambia, na burashi tayari iko ndani ya mtungi.

"Lakini hapa ndani kutakuwa na mboga."

"Mboga inakula mchanga, haikuli mbao. Wewe muthoni ulikuwa wa kushusha viazi, wachia mimi mambo ya mbao."

Nyinyi semeni mnavyotaka. Mtu akikukumbusha viazi ulishusha ujana wako, na ni ndugu ya bibi yako, na ako kwa boma yako na chai yako mkononi, unanyamaza.

Akapaka nje. Akapaka ndani. Akapaka juu, kando, kwa kona, na pale ilipobaki kidogo akaimwagia kwa msumari. Kazi ikaisha, akasimama akaangalia kama mtu amemaliza kujenga daraja.

"Hii," akasema, "itazika sisi wote."

Hapo alikaribia kusema ukweli.

Tukajaza mchanga, mbolea ya ng'ombe, majivu kidogo. Mama Wangeci akapanda sukuma, terere ambayo wengine mnaita mchicha, managu ambayo wengine mnaita mnavu, dhania, na kahurura katikati, yale majani ya malenge ya kuweka kwa mukimo. Alikuwa na furaha, wakuu. Anasimama, anashika ukingo ya kitanda na mkono moja, na ingine inapanda. Ule ukingo ndio ulikuwa fimbo yake. Alikuwa anauegemea na ile nyonga mbaya, anapumzika, anaendelea.

Sasa jua ya mchana ikaanza kupiga zile mbao.

Oil ikatoa jasho.

Kwanza niliona kwa nguo. Kila sketi ya Mama Wangeci ikawa na mstari mweusi hapa kwa nyonga, kama mtu analala chini ya trekta. Akafua, haitoki. Akavaa aproni, ikapita aproni. Mikono ikawa myeusi mpaka mstari ya kucha. Mama wa kanisa mzima akaenda ushirika akinuka gearbox.

Halafu mimea. Zile karibu na mbao zikawa za manjano zikalala. Dhania haikutoka kabisa, nadhani ilinusa ikarudi. Zile za katikati ndizo zilikua, na zilikua vizuri, majani pana. Hapo ndipo tulidanganyika.

Mtu wa kwanza kusema ukweli alikuwa Mama Zuhura. Huyo ni jirani yetu, Muislamu, familia yao imekaa Nyeri tangu zamani, na sambusa zake mkizionja hamtarudi kwenu. Yeye hana muthoni hapa, mdomo wake uko huru.

Alipewa terere jioni. Asubuhi akakuja kwa gate.

"Mama Wangeci, samahani, ile mboga uliiosha na nini?"

"Na maji."

"Maji ya wapi, ya petrol station?"

Mama Wangeci akacheka, akashika mdomo, halafu nikaona macho yake yamejaa machozi. Mama Zuhura akamshika mkono. Mimi nikajifanya natafuta kuku.

Tulionja. Wakuu, sijui nitaelezaje. Si uchungu. Inaingia tamu kama mboga ya kawaida, halafu huku nyuma ya ulimi mtu anawasha lori.

Sasa ningefanya nini? Nibomoe kitanda ya muthoni? Mbao alileta mwenyewe, akajenga na mikono yake? Hiyo ni kumtemea mate. Mama Wangeci mwenyewe alikataa. "Usimwambie. Atasema nimemkataa. Ni yeye tu ndugu nilibaki naye."

Wiki ile nikatafuta Mama Wangeci kwa nyumba, hayuko. Kwa kitanda hayuko. Nikashuka ile shamba ya chini, ile ya mteremko.

Nikampata hapo. Amepiga magoti juu ya gunia, anapanda managu kwa ardhi, na ile mguu mbaya ameinyoosha kando kama si yake. Hakunisikia. Kila akisonga anatoa sauti kidogo hivi, mm, mm.

Sikumgombeza. Nilimsaidia kusimama, tukapanda juu polepole. Tulipofika chumbani ile begi ya Wangeci ilikuwa pale kwa kona.

Akaiangalia. Akasema, "Jumapili anakuja, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Mwambie na ndugu yangu akuje."

Nikadhani anataka kuagana na yeye. Nikampigia Ndirangu simu na roho imelala.

Jumapili wakafika. Wangeci akafungua ile begi hata kabla ya kukaa, akaanza kukunja leso za mama yake. Ndirangu akazunguka kitanda zake akizipiga kofi kama mtu anauza ng'ombe. "Unaona hii, Wangeci? Hii ni kazi. Huko Nairobi mko na kitu kama hii?"

Mama Wangeci alikuwa jikoni tangu asubuhi. Hakutaka kusaidiwa.

Akatuletea chakula. Mukimo, ile viazi na mahindi ya kuponda, kijani vizuri, imejaa kahurura. Kando sukuma ya kukaanga. Kando managu. Nyama kidogo tu, ya kufunika aibu.

Kahurura ilitoka kwa kitanda. Sukuma ilitoka kwa kitanda. Managu ilitoka kwa kitanda.

Nikaelewa, nikaangalia sahani yangu nikaanza kuomba kimoyomoyo.

Sahani ya Ndirangu alijaza Mama Wangeci mwenyewe. Aliipanga kama Mlima Kenya, ilibaki theluji.

Mgeni wa heshima ndiye huanza. Ndirangu akaomba baraka, ndefu, akataja na kitanda kwa maombi. Akachota mukimo kijiko mzima akatia mdomoni.

Akatafuna.

Akapunguza kutafuna.

Akaniangalia. Mimi nikaangalia kalenda kwa ukuta.

Mnakumbuka niliwaambia? Muthoni akipewa chakula hakatai. Anakula. Na huyo si mtu wa kuvunja desturi, hata mimi siwezi kumnyima hiyo. Akameza. Nilisikia ikishuka. Akachukua sukuma, pengine akifikiria itaosha mukimo. Sukuma ilikuwa mbaya zaidi.

Wangeci naye ameonja. Akaweka kijiko chini. "Mum, hii chakula imepitia wapi?"

"Kula, wewe," mama yake akasema. Halafu akageukia ndugu yake na sauti tamu kabisa. "Ongeza managu, ndugu yangu. Ulisema mboga haikuli mbao."

Na mimi, kwa sababu ni boma yangu na ni kazi yangu kama mwenyeji, nikasema, "Ongeza, muthoni. Usiogope."

Wakuu, mimi ni mtu wa kanisa. Lakini hiyo sentensi nilisema na furaha nitahitaji kuitubu.

Akala ingine. Jasho ikatokea hapa kwa kipaji cha uso.

Alipotaka kuchota tena Mama Wangeci mwenyewe akanyoosha mkono akavuta ile sahani pole pole. "Wacha, utaumwa."

Akafunua ule upande wa sketi, akaonyesha ule mstari mweusi kwa nyonga.

Wangeci ameshika leso mkononi, anaangalia mama yake, anaangalia mjomba yake.

Ndirangu akakunywa maji. Akakunywa ingine. Akapangusa mdomo.

"Ile oil," akasema hatimaye, "nadhani ilikuwa ya trekta. Ya gari ndogo haingefanya hivi."

Mnaona mtu? Mpaka sasa shida si oil. Shida ni oil ilitoka kwa gari gani!

Lakini akaongeza, na sauti ikiwa chini, "Kesho nakuja na mtarimbo. Hayo mawe yako, muthoni, bado iko?"

Nikasema iko.

Wangeci akasema, "Mum, hata hivyo si twende tu?"

Mama Wangeci akamwambia, "Wacha nivune mara moja kwa mawe. Nikishindwa, nitabeba hiyo begi mwenyewe."

Wangeci akarudi Nairobi na hasira. Begi akaiacha, nusu imejaa.

Kesho yake Ndirangu alikuja kweli. Akang'oa mbao zake zote. Zimeenda fensi ya boma ya ng'ombe wake, mahali zilifaa kuzaliwa. Ule mchanga tuliutoa wote, hata punje moja haikubaki, kwa sababu mchanga imekunywa oil huwezi kuiambia isahau. Tukaufukia mbali na shamba na mbali na maji.

Mawe ikaja. Tukapanga, kiuno ya Mama Wangeci, juu pana ya kukalia. Kwa safu ya chini hatukuweka simiti kila mahali, tukaacha nafasi maji ipate kutoka. Ndirangu alibeba mawe kuliko mimi, nisiseme uongo, na hakufungua mdomo mara nyingi. Ile siku moja alifungua, akasema labda tungepaka mawe kitu. Dada yake akamwangalia tu. Akainua jiwe ingine.

Dhania ikatoka. Mnajua nilifurahi aje kuona dhania?

Wangeci alikuja bila kupiga simu. Alitaka kumshika mama yake akiwa ameinama. Akapitia moja kwa moja shamba ya chini, ile ya mteremko, akakuta nyasi tu. Akapanda juu.

Mama yake alikuwa amekaa juu ya mawe, jua imeyapasha moto, ile nyonga mbaya imelala hapo kama paka, na mikono iko ndani ya terere. Hata hakumwona. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa, vibaya, kama kawaida yake.

Wangeci akavua viatu akaenda akakaa ule upande mwingine wa kitanda, akaanza kung'oa magugu. Waliongea mambo yao mpaka chai ikapoa. Mimi sikuitwa.

Jioni akaingia chumbani akatoa leso za mama yake kwa begi, akazirudisha kwa kabati.

Ile begi ilirudi Nairobi imejaa terere na managu mpaka zipu ikakataa.

Sasa nyinyi wa "chochote kinafaa," nimewaambia. Ukitaka kujenga kitanda ya mboga, kwanza uliza ni nani ataegemea hapo, na ni nani atakula kile kitatoka. Mbao si mbaya, ikiwa kavu na safi. Lakini kitu huwezi kulamba, usiipake mahali mboga inalala. Na mtu akikuletea vya bure, mshukuru, mpe chai, halafu unuse kabla hajashusha.

Kama kuna mtu hapa amejenga na kitu bora kuliko jiwe, aandike nisome, nina wakati. Kama wewe ni wa tairi, andika pia, nimekosa mtu wa kucheka tangu mbao ziende.

Na nasikia Ndirangu anawaambia watu huko Karatina ati mambo ya mawe ilikuwa mawazo yake.

Mimi sitamkataza. Ni muthoni.